Vijidudu vya nitrati baharini: kaboni vinayofunga ni kidogo, kaboni vinayoiamulia ni nyingi

Karibu kila maelezo ya bahari na hewa ukaa yanaenda hivi: mwani mdogo wa juu juu unavuta kaboni kwa mwanga wa jua, unaliwa au unakufa, mabaki yanazama, na kaboni inakaa kilindini miaka na miaka. Sawa, ni kweli, lakini hapo katikati kuna kipande kikubwa kimerukwa, maana mwani hauishi kwa kaboni peke yake, unataka na naitrojeni ya kujengea protini, na naitrojeni ikiisha mwani unakwama hapo hapo hata jua liwake vipi. Kaboni yenyewe haiadimiki baharini, iliyoyeyuka tu ni kama tani trilioni 38, zaidi ya mara 40 ya ile iliyoko hewani, kwa hiyo kwenye sehemu kubwa ya bahari cha kuuliza ni naitrojeni iko wapi, iko kwenye umbo gani, na nani kaifikisha hapo.

Na jibu la hilo swali la mwisho ni vijidudu ambavyo watu wengi hawajawahi hata kuvisikia. Kiumbe chochote kikifa au kikitoa uchafu, naitrojeni yake inarudi majini ikiwa amonia. Kuna kundi la vijidudu linachukua amonia hiyo na kuiunganisha na oksijeni mpaka inakuwa nitriti, halafu kundi lingine linachukua nitriti linaimalizia kuwa nitrati, na hiyo nitrati ndo inayojaa kilindini na kusubiri siku maji yatakapopanda juu tena. Kazi yote inaitwa nitrifikesheni, na kinachoshangaza ni kwamba kwa sehemu kubwa ya bahari hakuna kijidudu kimoja kinachofanya hatua zote mbili, ni makundi mawili tofauti kabisa, yasiyo na undugu, la kwanza linatoa na la pili linapokea.

Kwa nini vinajisumbua? Kwa sababu amonia ikiungana na oksijeni inatoa nishati, na nishati hiyo ndo chakula chao, yaani badala ya jua vinatumia kemia. Mrusi Sergei Winogradsky alilionyesha jambo hili kwenye bakteria wa udongo karibu na 1890, kwamba kuna viumbe vinavyojenga miili yao kutoka hewa ukaa bila mwanga wowote, na wakati ule lilikuwa jambo zito kweli kweli kwa sababu kila mtu alijua kwamba kufunga kaboni ni kazi ya majani na jua basi. Kwa hiyo nitrifikesheni na kaboni vimefungamana tangu mwanzo: kijidudu kinachoma amonia huku, kinafunga kaboni huku.

Tatizo ni kwamba amonia ni kuni mbovu. Nishati inayotoka ni ndogo, na kuigeuza hewa ukaa kuwa sukari na protini ni kazi ghali, hivyo kwa makadirio ya kawaida kijidudu cha amonia kinachoma molekuli kama 10 za amonia ili kifunge kaboni moja tu, na vile vya nitriti vinapata kidogo hata kuliko hapo. Shika huo uwiano wa 10 kwa 1, nitaurudia mbele, kwa sababu ndo unaoamua hoja yangu yote. Watu wakisikia kuna viumbe vinafunga kaboni gizani wanakimbilia kudhani bahari ina mashine ya pili ya kuvuta hewa ukaa huko chini, na sio hivyo.

Kwanza tujue hivi viumbe ni akina nani, maana historia yake ni nzuri na haina hata umri mkubwa. Kwa muda mrefu iliaminika kazi ya amonia baharini inafanywa na bakteria, ndugu wa wale wa Winogradsky, lakini kila wakihesabiwa majini wanaonekana wachache mno kulinganisha na nitrati iliyopo. Mwaka 1992 Edward DeLong na Jed Fuhrman, kila mmoja kwa upande wake, wakakuta jeni za arkea kwenye maji ya kawaida ya bahari. Arkea sio bakteria, ni tawi jingine kabisa la uhai, na mpaka hapo walikuwa wanajulikana zaidi kwa kuishi kwenye chemchemi za moto, kwenye chumvi kali na sehemu zisizo na oksijeni, kwa hiyo kuwakuta wamejaa tele kwenye maji baridi yenye oksijeni ilikuwa habari. Ilipofika 2001 hesabu kutoka karibu na Hawaii zikaonyesha kwamba kilindini wanakaribia kuwa sawa kwa idadi na bakteria wote, na kwa bahari zote za dunia makadirio yakawa seli zaidi ya 10 yenye sifuri 27 nyuma yake. Hapo sasa una kiumbe kimoja kati ya vingi kuliko vyote duniani na hakuna anayejua kinakula nini.

Kidokezo kikaja 2004, timu ya Craig Venter ilipokuwa inasoma DNA za maji ya Bahari ya Sargasso kwa jumla bila kufuga kitu, ikapatikana jeni ya kuchomea amonia imekaa kwenye kipande cha DNA ya arkea. Mwaka uliofuata, 2005, Martin Könneke na wenzake wakafanikiwa kumfuga mmoja wao, tena hawakumtoa kilindini, walimtoa kwenye tangi la samaki wa maji ya joto kwenye akwariamu ya Seattle, wakampa jina Nitrosopumilus maritimus. Wakampa amonia na hewa ukaa tu, hakuna sukari, hakuna chakula kingine, akakua, na amonia ikawa inapungua huku nitriti inaongezeka kwa kiasi kile kile. Mjadala ukaishia hapo.

Ukimwangalia huyu kwa karibu utaelewa kwa nini anashinda. Ni kijiti chenye unene wa kama maikromita 0.2 na urefu usiofika maikromita 1 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), yaani ni mdogo hata kwa vipimo vya vijidudu. Udogo huo unamfaa, kwa sababu kadiri seli inavyokuwa ndogo ndivyo ngozi yake inavyokuwa kubwa ukilinganisha na tumbo, na chakula kinaingilia kwenye ngozi. Mwaka 2009 Willm Martens-Habbena na wenzake wakapima ni kwa kiwango gani cha amonia anaanza kufanya kazi vizuri, wakakuta ni kidogo kuliko walivyowahi kuona kwa bakteria wa amonia, kidogo mara mamia na zaidi, kiwango kile kile ambacho maji ya wazi ya bahari yanacho. Bakteria wa zamani wanahitaji amonia nyingi, ndo maana wanapenda udongo wenye mbolea na maji taka, lakini katikati ya bahari pasipo na kitu, huyu mdogo anaokota molekuli moja moja na inamtosha. Na njia yake ya kufunga kaboni ni tofauti na ile ya mimea, ni mzunguko wake mwenyewe wa vimeng'enya, na kati ya njia zinazojulikana za kufunga kaboni penye oksijeni ndo inayotumia nishati kidogo kuliko zote. Kwa kiumbe anayechoma kuni mbovu hiyo ni lazima.

Sasa je, huko baharini kwenyewe, sio kwenye chupa ya maabara, wanafunga kaboni kweli? Kuna kipimo kimoja nakipenda sana kwa sababu kinajibu bila kuzungusha. Maji ya kilindini ni ya zamani, yametengana na hewa kwa muda mrefu, kwa hiyo kaboni iliyoyeyuka ndani yake ina kidogo ya kaboni-14 (aina ya kaboni yenye mionzi, inayotoka hewani na kupungua yenyewe kadiri miaka inavyopita), wakati kaboni ya juu ina kaboni-14 nyingi, tena iliongezwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Anitra Ingalls, Ann Pearson na wenzao wakavuta maji mengi kutoka mita 670 karibu na Hawaii, wakachuja, wakatoa mafuta ya utando wa seli za arkea (mafuta hayo yana umbo la pekee, huwezi kuyachanganya na ya bakteria), wakapima kaboni-14 yake. Kama arkea wanakula mabaki yaliyozama kutoka juu, mafuta yangekuwa na kaboni mpya. Yakatoka na kaboni kuukuu, ile ile ya maji ya kilindini, na hesabu yao ya 2006 ikasema kama asilimia 83 ya kaboni ya hao arkea wameifunga wenyewe kutoka kwenye maji. Kwa hiyo ndiyo, wanafunga, hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye kiasi. Baada ya 2005 watu wengi walichukulia kwamba kaboni yote inayofungwa gizani ni ya hawa arkea wa amonia, halafu hesabu zikaanza kugoma. Uwiano wa 10 kwa 1 unarudi hapa: ukipima kaboni inayofungwa kwenye maji ya giza na ukajiuliza ingehitaji amonia ngapi kuchomwa, unapata amonia nyingi kuliko naitrojeni yote inayozama kutoka juu inavyoweza kutoa. Kitu hakilingani, aidha vipimo vya kaboni vimezidi, au kuna wengine wanafunga.

Wengine wapo. Mwaka 2017 Maria Pachiadaki na wenzake walionyesha kwamba wale wa hatua ya pili, bakteria wa nitriti wa kundi la Nitrospinae, ambao ni wachache kwa idadi kuliko arkea, wanabeba sehemu kubwa, kati ya asilimia 15 na 45 ya kaboni inayofungwa kwenye tabaka la giza la Atlantiki ya kaskazini-magharibi. Wachache lakini wanene na wanakua haraka, ndo sababu. Na 2025 ikatoka kazi ya Barbara Bayer, Alyson Santoro na wenzao kutoka Pasifiki ya mashariki, wao walitumia kemikali inayofunga kinywa cha vijidudu vya amonia peke yake na kuwaacha wengine waendelee, kisha wakaangalia kaboni inapungua kiasi gani. Ikapungua kidogo: ukijumlisha kina chote walichopima, mchango wa vijidudu vya amonia haukufika hata robo, ingawa kwenye tabaka jembamba chini kidogo ya mwanga, mita 120 mpaka 175, waliweza kubeba mpaka karibu nusu. Sehemu inayobaki ni ya vijidudu vingine, na baadhi yake ni vile vya kawaida vinavyokula mabaki, kwa sababu hata hivyo vinachukua hewa ukaa kidogo kidogo vikiwa vinarekebisha kemia ya ndani.

Mimi naona huu ndo mwelekeo sahihi na sioni kama unawapunguzia hadhi. Mwani wa bahari unafunga kama tani bilioni 50 za kaboni kila mwaka, na kaboni ya gizani kwa makadirio mengi ni chini ya asilimia chache ya hapo, sasa hata ukiwapa nitrifikesheni yote bado ni kidogo. Tena kuna jambo linasahaulika: hewa ukaa inayofungwa mita 600 chini tayari ilikuwa mita 600 chini. Kijidudu kikiifunga hakijapunguza chochote kilichoko hewani, kimegeuza tu kaboni ya pale kuwa chakula cha pale pale. Kwa viumbe wa kilindini hicho ni chakula kipya, wanaoishi kwa mabaki makavu wanapata seli mbichi, na arkea hawa pia wanamwaga majini sehemu ndogo ya kaboni waliyofunga na wanatengeneza vitamini B12 ambayo viumbe wengi baharini hawawezi kujitengenezea. Hilo ni la maana kwa maisha ya gizani. Ila kama swali lako ni hewa ukaa iliyoko hewani, huko sio mahali pa kuangalia.

Mahali pa kuangalia ni naitrojeni, na hapa nataka twende polepole.

Chukua uwiano wa mtaalamu wa bahari Alfred Redfield, aliyeona kwamba viumbe wa juu wa bahari kwa wastani wana kaboni 106 kwa kila naitrojeni 16 na fosforasi 1, na kwamba maji ya kilindini yana naitrojeni na fosforasi kwa uwiano huo huo. Mabaki yakioza kilindini, kuchoma hizo kaboni 106 kunakula molekuli 106 za oksijeni. Lakini naitrojeni 16 zimetoka zikiwa amonia, na kila amonia moja ili ifike kuwa nitrati inakula oksijeni 2, kwa hiyo ongeza 32. Jumla 138. Ukigawa utaona karibu robo ya oksijeni inayoliwa pale mabaki yanapoozea kilindini haiendi kwenye kaboni kabisa, inaenda kwenye nitrifikesheni. Na hii sio nadharia ya pembeni, kwa sababu njia moja ya kujua kaboni kiasi gani imezama na kuoza ni kuangalia oksijeni kiasi gani imepungua kwenye maji. Mtu akisahau hivi vijidudu na kuipa kaboni oksijeni yote iliyopotea, atakuwa ameongeza kaboni kwa asilimia 30 hivi ambayo haipo.

Hesabu ya pili inayowategemea ni nzito zaidi. Mwaka 1967 Richard Dugdale na John Goering walipendekeza tutenganishe ukuaji wa mwani aina mbili. Kuna mwani unaokua kwa amonia iliyotoka kwa majirani zake pale pale juu, hiyo ni naitrojeni inayozunguka, na kuna unaokua kwa nitrati iliyopanda kutoka kilindini, hiyo ni mpya. Ni kama hela ya nyumbani: ile ambayo ndugu wanakopeshana humo ndani haiongezi wala kupunguza kitu, inayohesabika ni iliyotoka nje, kwa sababu kinachoingia kutoka nje ndo kiasi ambacho kinaweza kutoka bila nyumba kufilisika. Kwa bahari ya juu, naitrojeni mpya inayoingia lazima ilingane na inayozama, na inayozama inabeba kaboni yake. Kwa hiyo ukijua mwani unakula nitrati kiasi gani, umejua kaboni kiasi gani inashuka. Njia safi kabisa, na watu wakaitumia miaka mingi: unaweka nitrati yenye naitrojeni-15 (naitrojeni nzito kidogo, rahisi kuifuatilia) kwenye chupa ya maji, unasubiri, unapima imeingia kiasi gani kwenye mwani, unazidisha kwa uwiano wa Redfield, basi.

Njia hiyo ilisimama juu ya dhana moja, kwamba nitrati inatengenezwa kilindini tu, kwamba juu kwenye mwanga hakuna nitrifikesheni. Dhana haikuwa ya kipuuzi, mwanga unaviumiza hivi vijidudu kweli na mwani unavinyang'anya amonia. Ndo maana ukishusha kipimo kutoka juu, mara nyingi unakuta nitriti imerundikana kwenye tabaka jembamba pale mwanga unapokaribia kuisha, mita 100 hivi kwenye maji maangavu: juu ya hapo vijidudu vinabanwa na mwanga na njaa, chini ya hapo vinapumua. Lakini kubanwa sio kufa. Mwaka 2007 Andrew Yool na wenzake walikusanya vipimo vya nitrifikesheni kutoka bahari mbalimbali, wakavitia kwenye modeli ya dunia, na wakapata kwamba kwa wastani karibu nusu ya nitrati inayoliwa na mwani imetengenezwa juu juu, karibuni tu, kutoka kwenye amonia ya pale pale. Yaani ile iliyohesabiwa kuwa imetoka nje, nusu yake ilikuwa ya humo humo ndani.

Athari yake fikiria mwenyewe. Kila makadirio ya kaboni inayoshuka yaliyofanywa kwa kupima ulaji wa nitrati bila kutoa sehemu ya nitrifikesheni yalikuwa na hatari ya kuwa makubwa kuliko ukweli, pengine mara mbili. Bahari yenyewe haikubadilika, kilichobadilika ni kwamba tulikuwa tunaisoma vibaya kwa sababu ya kijidudu cha maikromita 0.2 kinachofanya kazi pale tulipoambiwa hakifanyi. Kwangu mimi hili linazidi uzito ule mjadala wote wa kaboni ya gizani, na inanisikitisha kwamba ndo linalozungumzwa kidogo.

Kuna na jambo jingine kuhusu nitrati ya kilindini, watu wanalikosea mara kwa mara. Utasikia maji ya chini yakipanda yakileta nitrati basi mwani utakua na hewa ukaa itavutwa. Mwani utakua, ndiyo, lakini maji yale yale yanapanda na hewa ukaa iliyotoka kwenye mabaki yaliyooza huko huko chini, kwa uwiano unaokaribiana na ule ule. Mwani ukiitumia nitrati yote unairudisha kaboni iliyopanda nayo, ngoma inakuwa sare. Nitrati ikibaki bila kutumika, kama inavyotokea Bahari ya Kusini kuzunguka Antaktika ambako chuma ni haba, kaboni iliyopanda nayo inapata nafasi ya kutorokea hewani. Kwa hiyo nitrati ambayo vijidudu vimeihifadhi chini ni kama kipimo cha kaboni iliyohifadhiwa pamoja nayo, na swali la kila siku la bahari ni je, vikipanda vyote viwili vitarudi vyote viwili.

Sasa kuna mahali nitrati haihifadhiwi, inapotea. Bahari ya Arabuni, Pasifiki ya mashariki upande wa Peru na Chile na upande wa Mexico, kuna matabaka makubwa ya maji yenye oksijeni kidogo au hayana kabisa, na hapo vijidudu vingine vinaigeuza nitrati na nitriti kuwa gesi ya naitrojeni ambayo mwani wa kawaida hauwezi kuitumia. Njia mojawapo inaitwa anamoksi, inachukua amonia na nitriti na kuvigeuza gesi bila oksijeni, na baharini ilithibitishwa 2003 kwenye Bahari Nyeusi. Utaona nitrifikesheni inahusika pande zote mbili hapo: pembezoni mwa hayo matabaka, oksijeni ikiwa kidogo lakini ipo, ndo inayozalisha nitriti inayoliwa na anamoksi, na huku juu yenyewe ni mmoja wa walaji wa oksijeni waliosababisha iishe, kumbuka ile robo. Naitrojeni ikipotea hapo, bahari inabaki na mbolea kidogo, na mbolea kidogo maana yake kaboni kidogo inayoweza kushushwa, ingawa mabadiliko hayo yanachukua mamia na maelfu ya miaka na kuna vijidudu vingine vinavyorudisha naitrojeni kutoka hewani. Mwaka 2022 Beate Kraft na wenzake wakaongeza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, Nitrosopumilus yule yule akifungiwa bila oksijeni anatengeneza kidogo ya kwake mwenyewe, kutoka kwenye nitriti. Hilo linasaidia kuelewa kwa nini arkea hawa wanakutwa kwenye maji ambayo kwa hesabu wasingeweza kuishi.

Na penye oksijeni kidogo ndo pia inapotoka naitrasi oksaidi kwa wingi, gesijoto ambayo kilo moja yake kwa kipimo cha miaka 100 ni sawa na kilo 273 za hewa ukaa. Arkea wa amonia wanaitoa kama takataka ya kazi yao, na mwaka 2011 Santoro na wenzake walionyesha kwamba alama ya isotopu (uwiano wa atomi nzito na nyepesi) ya gesi inayotolewa na hao arkea inafanana na ile ya gesi ya bahari ya juu. Kwa hiyo mtu akitaka kujua bahari inalisaidia anga kiasi gani, hawezi kuhesabu kaboni inayoshuka na kuacha hii inayopanda, vinatoka kwa wafanyakazi wale wale.

Mwisho kuna asidi. Bahari inameza kama robo ya hewa ukaa tunayotoa, na ikiyeyuka inaongeza asidi majini. Amonia ndani ya maji inakuwepo kwa sura mbili, amonia yenyewe na amoniamu, ambayo ni amonia iliyobeba haidrojeni moja ya ziada, na asidi ikiongezeka nyingi zaidi inakwenda upande wa amoniamu. Kwa ushahidi uliopo kimeng'enya cha hivi vijidudu kinashika amonia, sio amoniamu. Michael Beman na wenzake walichukua maji kutoka sehemu kadhaa za Atlantiki na Pasifiki, wakayaongezea asidi kidogo tu, pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) ikashuka kwa 0.05 mpaka 0.14, na kwenye taarifa yao ya 2011 nitrifikesheni ilikuwa imepungua kwa asilimia 8 mpaka 38. Ule mshuko wa 0.14 sio wa kufikirika, tangu kabla ya viwanda pH ya bahari ya juu imeshashuka kwa kama 0.1.

Nitrifikesheni ikipungua juu juu kwenye mwanga, mwani utakuta amonia nyingi na nitrati kidogo, na mwani sio wote sawa kwenye hilo: diatomu, ambao ni wazito na wana maganda ya silika na wanazama vizuri, wanastawi zaidi penye nitrati, wakati vile vidogo sana vinavyoishi kwa amonia mara nyingi vinaliwa na kuzunguka pale pale juu bila kushuka. Lakini pia arkea wana koo nyingi, wengine wa juu wengine wa kilindini, wengine wanatumia urea badala ya kusubiri amonia, na vipimo vya Beman vilikuwa vya muda mfupi, vijidudu vilivyozoea pH ya jana vikapewa ya kesho ghafla. Modeli nyingi za tabianchi bado zinaiweka nitrifikesheni kama kasi moja isiyobadilika, yenye swichi ya mwanga tu, giza iwake na jua izime, bila pH, bila oksijeni, bila shaba ambayo arkea wanaihitaji kwenye vimeng'enya vyao wala chuma ambacho bakteria wa nitriti wanakihitaji kwa wingi. Hayo yakiingizwa, namba ya kaboni inayoshuka itabidi ihesabiwe upya, bahari moja baada ya nyingine.